Mdogo wangu, watoe nje na beseni halafu kaa pembeni

Mdogo wangu,

Mesej yako nimeiona, kwamba likizo ndo kwanza imeanza, joto limepanda, na hao wanao wawili katuni zote wamemaliza sa hivi wanagombana wao kwa wao. Nakujibu hapa hadharani manake najua hauko peke yako, wenye watoto wa miaka miwili mpaka sita mpo wengi na wote mnauliza swali lile lile, niwafanyie nini huko nje?

Usiwafanyie kitu. Kweli kabisa. We toa vitu nje, kaa kivulini, macho kwao, yaani basi. Na hela ya midoli mipya kaa nayo. Kuna Mdenmark mmoja anaitwa Carl Theodor Sørensen, alikuwa mbunifu wa bustani, akagundua watoto wanaviacha viwanja vya michezo alivyovitengeneza vizuri tu wanaenda kuchezea mabaki na vitu chakavu, basi mwaka 1943 ukafunguliwa uwanja wa namna hiyo hiyo kule Emdrup, Copenhagen, vifaa vikuukuu vya kujengea na watoto wenyewe wajue la kufanya. Sasa kama wa kwao waliwekewa makopo na mbao, wa kwako utawanunulia nini tena?

Mi ningeanzia kwenye maji, joto lenyewe hili. Beseni, vikombe vya plastiki vya saizi tofauti, chujio, sponji kuukuu, chupa umeitoboa toboa chini, hapo ni kumimina na kuhamisha tu na watamimina mpaka ushangae. Lakini ule ninaoupenda kuliko yote ni wa kupaka rangi: chukua brashi pana, ya kupakia rangi nyumba, na kopo la maji, waambie wapake ukuta. Ukuta unabadilika rangi kweli, wao wanajiona mafundi, na kwa jua hili wakifika mwisho kule walikoanzia kumeshakauka kwa hiyo wanaanza upya bila hata kuambiwa. Hamna doa, hamna kudeki, hamna kelele za nani kamaliza rangi ya nani.

Ila hapa kwenye maji sitanii. Mtoto mdogo anaweza kuzama kwenye maji ya sentimita chache tu, na mara nyingi hapigi kelele, kimya kimya. Kwa hiyo umbali wa mkono wako, simu weka ndani, na mchezo ukiisha beseni na ndoo vimwagwe na vipinduliwe hapo hapo, sio "nitamwaga baadae". Mabaluni ya maji mi siyapendi kwa umri huu, yakipasuka vile vipande vinaishia mdomoni na mtoto anapaliwa, kata sponji vipande virefu vifunge katikati na uzi imara, uvibane usifunguke, warushiane hivyo, vinalowesha vilevile.

Jua nalo. Kuanzia saa 4 asubuhi mpaka saa 10 jioni ndo linachoma zaidi, kwa hiyo watoe mapema au subiri jioni, na kama lazima mchana basi kivulini, kofia kichwani na maji ya kunywa hata kama hawajaomba. Saa usiangalie, angalia kivuli cha mtoto, kikiwa kifupi kuliko mwenyewe ujue jua ni kali. Na hapo hapo ushapata mchezo: asubuhi mmoja asimame kwenye sakafu ya uwani, mwenzie azungushe chaki kwenye kivuli chake, wakirudi baadae asimame pale pale kwenye alama za miguu waone kivuli kimehama na kimebadilika urefu. Yule mkubwa atauliza kimeenda wapi. Usikimbilie kumjibu.

Mapovu unatengeneza mwenyewe, sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, maji, na sukari kidogo, sukari inafanya povu lisikauke haraka. Koroga taratibu usitoe mapovu kwenye bakuli. Puliza kivulini sio juani, yanadumu zaidi, afu kipulizio pinda waya au tumia mrija.

Mchanga au udongo ukiwepo karibu ndo umemaliza kazi. Mkavu haushikani, ukilowa kidogo unajenga, ukizidi maji unaporomoka, na hiyo waache waijue wenyewe kwa mikono, usisimame pale kutoa maelekezo (nakujua wewe!). Kijiko kikubwa, sufuria isiyo na kazi, majani, basi wanapika mpaka jioni.

Siku wakipoa poa tu, watafutieni msururu wa sisimizi, wale wasiong'ata. Wanafuatana kwa harufu, ukipitisha kijiti ukafuta njia yao wanababaika kidogo wanatafuta, halafu wanaipata tena. Hao wako wawili hapo watatulia kuliko mbele ya tivii, niamini.

Na usiwaze kwamba lazima wakae nje masaa matatu mfululizo. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilisema watoto wa mwaka mmoja mpaka minne wapate angalau dakika 180 za kujishughulisha na mwili kwa siku, lakini hizo zinagawanywa siku nzima, asubuhi kidogo, jioni kidogo. Hao hao walisema kuanzia miaka miwili mpaka minne kukaa mbele ya skrini isizidi saa moja, kwa hiyo zile katuni ndo hivo tena.

Wakisema wameboeka, nyamaza kwanza. Dakika chache hivi utasikia kimya halafu utaona kopo limekuwa gari.

Nguo wavae zile zilizochakaa na wanawie nje kabla hawajaingia ndani. Shemeji akirudi akauliza mbona ukuta umelowa, mwambie mafundi walikuja.

Dada yako