Shoga, Bibi anangoja taa

Kiponda, Unguja
Alhamisi usiku

Assalamu alaykum shoga yangu,

Hali zenu huko Ruwi, Maskati? Watoto, baba watoto, mama mkwe na miguu yake? Sie huku wazima, joto tu. Mama Pacha kakusalimia mara tatu, basi salamu ndizo hizo. Tangu Mfungo Mosi sijakuandikia barua ya maana, nakutumia sauti za nusu dakika tu, na najua hupendi. Leo nimekaa kitako kwa sababu nina haja, na haja yenyewe ni ya Bibi yako.

Taa yangu ya kurekodia imekufa. Ile ya mkeka, niliyokuonesha nikiiviringa kama jamvi na kuitia begini. Na imekufa Bibi akiwa katikati ya maneno.

Chumba chake unakijua. Kirefu, chembamba, upana wake hauzidi urefu wa boriti, kama mita tatu hazifiki, maana wazee wetu walijenga kwa kipimo cha mkoko. Samadari upande huu, kasha upande ule, kiti chake katikati. Ukisimamisha stendi na taa ya kawaida mle, kamera haina pa kurudi nyuma. Hii ya mkeka haikutaka nafasi. Ni kitambaa tu, kimeshonewa vitaa vidogo mamia, sentimita 45 kwa 60, wembamba hata kofia ya viua inaushinda. Niliifunga kwa kamba kwenye boriti, nikaipinda kidogo kumwelekea Bibi, mbele yake nikatundika kitambaa cheupe. Dirisha nikalifunga ili mwanga wa nje usije ukachanganyika na wa ndani, nusu ya uso buluu nusu manjano. Nikazungusha kitufe mpaka kelvini 3200, rangi ya balbu zile za zamani.

Shoga, laiti ungemuona. Bibi hakubali kukaa mbele ya kamera mpaka ajipake mafuta ya nazi, na kwa taa kali zile ndogo mafuta yanamtoa alama nyeupe za duara kwenye paji, kama kamwagiwa chokaa. Mwanga mpana ukiwa karibu hauchomi hivyo. Ulimshuka shavuni polepole kama maji, weusi wake ukabaki weusi wenye rangi ndani yake, kila mkunjo ukaonekana na hakuna uliokuwa mbaya. Nilipomuonesha kwenye kioo cha kamera akanyamaza kitambo. Halafu akasema: "Ndiye mie huyu. Kama niko mbele ya karabai."

Karabai ikanikumbusha harusi yako. Unakumbuka umeme ulivyokatika Desemba 2009, waya wa baharini ulipokwisha kazi, kisiwa kikakaa kizani mpaka Machi? Wewe ukaolewa Januari katika giza lile lile. Mkanda wako hadi leo siutazami bila ya kuumia: jenereta linanguruma, balbu moja inakupiga uso kutoka ukutani, shanga zinawaka, wewe mwenyewe hakuna, macho mashimo tu. Na bibi harusi ulikuwa mzuri, nilikuwepo, nilikushika mkono. Siku ile ndipo nilipoazimia nijifunze kazi hii, na niijue ya nyuso zetu sisi, kwenye shughuli zetu za wanawake ambako mpiga picha mwanamume haingii. Sijawahi kukwambia.

Sasa iliyoiua taa. Binti anayenisaidia, tumetoka kwenye shughuli usiku wa manane, tumechoka, akaikunja. Hakuiviringa, aliikunja mara nne na kupitisha kiganja kwenye mkunjo, kama anavyokunja kanga iliyotoka kwenye pasi. Simlaumu, sikumfundisha. Nyuzi za shaba zilizo ndani ni nyembamba kama unywele, zikikatika pahala pamoja safu nzima inazimika. Siku ya pili nyumbani kwa Bibi iliwaka, nikashukuru, baada ya robo saa safu tatu zikapotea, kisha za manjano zote. Fundi wa Darajani kajaribu kuziunga nyuzi kwa risasi ya kuyeyusha, joto likaunguza plastiki ya nyuma. Zimebaki nyeupe, na kwa nyeupe peke yake Bibi anaonekana kama mgonjwa. Sitamrekodi hivyo.

Nimeazima nyingine kwa mtu. Nikiipunguza mwanga, mistari myeusi inapanda usoni mwa Bibi. Taa za namna hiyo zinapunguza kwa kuwaka na kuzimika upesi upesi, jicho halioni lakini kamera inaona. Nimeweka shata, kasi ya kamera kufumba na kufumbua, 1/50 ya sekunde, nimebadilisha kila kitu, mistari iko pale pale.

Basi nakuomba uniletee nyingine. Rangi mbili, nyeupe na manjano, wati 100, ukubwa ule ule, na fremu yake ya umbo la X ya kuinyoosha. Dukani waambie wakuwashie, uipunguze kabisa, uielekezee simu yako: ukiona mistari, iache. Kisha weka mkono wenye hina mbele yake. Hina ikitoka nyekundu ile unayoijua, ichukue, ikitoka rangi ya kahawa iliyochacha, iache hata wakikuapia. Kwenye boksi tafuta CRI, kipimo cha mwanga kuonesha rangi kama zilivyo, iwe 95 au zaidi, lakini mimi naiamini hina. Betri iwe chini ya wati-saa 100, uibebe mkononi, usiitie kwenye sanduku la chini ya ndege. Kwa mwanga wa nusu itanipa karibu saa mbili, na Bibi hazungumzi zaidi ya hapo. Plagi za huko ni za miguu mitatu kama zetu, hapo hakuna shida. Na taa yenyewe iviringe katikati ya nguo. Nakusihi, usiikunje. Fedha nitampa kaka yako.

Alikuwa anasimulia alivyopelekwa Pemba kuolewa. Wako jahazini, usiku, tanga limetwekwa, mama yake amebaki pwani na taa ya chemni mkononi, naye anaitazama ile taa inavyokuwa ndogo… Pale ndipo yangu ilipozimika. Kila nikipita ananiuliza: "Taa imekuja?" Namwambia bado. Anasema atangoja. Kikohozi chake sikipendi, shoga. Juzi aliniita kwa jina lako.

Mwaka wa ngapi huu hujaja? Ruhusa umeomba, au bado unangoja watoto wafunge skuli? Huwezi kuja nayo mwenyewe badala ya kumpa mtu? Ulipata kumuuliza Bibi habari za safari ile, au naye hajapata kumsimulia mtu? Na ukija, utakaa naye kwenye kiti cha pili, niwapige nyote wawili?

Nijibu kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo, nipate cha kumwambia.

Ni mimi, shoga yako