Ramani ya rangi ya Lengai haina tarehe ya mlipuko

Mhariri,

Kila habari za volkano ya Ol Doinyo Lengai zinapovuma, picha ya setilaiti yenye rangi za upinde wa mvua huzunguka kwenye simu hapa Tanga, ikidaiwa kwamba kompyuta imetabiri mlipuko. Sisi wapima ardhi tunaomba nafasi tueleze picha hiyo inasema nini hasa.

Picha hiyo hutokana na jozi ya picha za rada za mahali pamoja, zilizopigwa tarehe mbili tofauti. Kwa setilaiti ya rada ya Sentinel-1, duru moja ya rangi ni sentimita 2.8 za ardhi kuisogelea setilaiti au kuiacha. Lakini mawimbi ya rada hucheleweshwa pia na unyevu wa hewa, ambao hupungua kadiri unavyopanda. Mlima wenye miteremko mikali kama Lengai, wa mita 2,962, waweza kuonekana umevimba, kumbe kilichobadilika ni hewa. Kwa mtindo huo hata Usambara ingevimba! Dawa ni kulinganisha jozi kadhaa za picha zisizochangia tarehe hata moja, kwani siku moja yenye hewa mbaya huharibu kila jozi iliyomo.

Ndipo ije modeli, yaani hesabu ya kukisia kilicho chini ya ardhi. Iliyo nyepesi, ya Kiyoo Mogi ya mwaka 1958, huichukulia chemba ya magma (mwamba ulioyeyuka) kama nukta chini ya ardhi tambarare. Chemba ikiongezeka mita za ujazo milioni 1 katika kina cha kilomita 3, ardhi ya juu yake huinuka kama sentimita 2.7. Milioni 4 katika kilomita 6 huinua kiasi kilekile. Kipimo cha kileleni peke yake hakizitenganishi. Tofauti iko pembeni: uvimbe hupungua hadi nusu kwenye kilomita 2.3 kwa chemba ya kwanza, na 4.6 kwa ya pili. Kwa hiyo vituo vya GPS vya mbali na kilele si anasa.

Tena magma haikai kwenye chemba siku zote. Julai 2007, karibu na mlima Gelai, jirani ya Lengai, ilipenya kama ukuta mwembamba, ardhi ikatitia katikati na kuinuka kandokando. Ukiilazimishia nukta ya Mogi, kompyuta itatoa jibu, tena lenye desimali nyingi, nalo ni upuuzi. Hapo hutumika milinganyo ya Okada ya 1985, inayohesabu ufa badala ya nukta.

Modeli hizi hukadiria mahali, kina na ujazo. Mwamba utapasuka lini, hazisemi. Hilo huhitaji pia kufuatilia matetemeko na gesi.

Gazeti likichapisha ramani kama hiyo, tunaomba liweke tarehe za picha zote mbili, upande setilaiti ilikotazamia, na kina cha chini na cha juu kinachokubaliana na vipimo.

Wapima ardhi,
Chumbageni, Tanga