Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Wachuuzi wa Dagaa, Mwaloni Kirumba, Mwanza

Ndugu wanachama,

Jambo lililoigusa biashara yetu kuliko yote mwaka 2025 halikutokea hapa mwaloni. Tarehe 19 Juni Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, na tangu hapo gari lenye mzigo kutoka Sengerema, Geita au Chato halipangi tena foleni ya kivuko. Wanaofuata mzigo huko wanaelewa uzito wa jambo hili, kwa kuwa gunia la dagaa lililofungwa likiwa na unyevu kidogo haliwezi kuvumilia saa za kungoja chini ya turubai. Wengi wenu mmewahi kulifungua mkakuta dagaa wamevunda.

Pamoja na hayo, kamati haipendi kulisifia daraja kupita kiasi. Walionufaika mapema ni wenye mtaji wa kujaza fuso peke yao, wakati mwenye magunia mawili matatu bado anachangia gari na wenzake, na nauli anapangiwa na dereva. Wapo pia wanachama waliokuwa wakiwauzia dagaa wa kukaanga abiria wa kivuko pale Kigongo, ambao leo wanapita juu ya maji bila kusimama. Wanachama hao wameomba nafasi hapa, na kamati imewapokea bila kiingilio kipya.

Vichanja vya kuanikia dagaa ndivyo vilivyotuchukulia muda mwingi. Wakati wa giza, yaani siku zisizo na mbalamwezi, mzigo unapoingia kwa wingi, vichanja vilivyopo havitoshi, hivyo wengine huanika mchangani, na mvua ikiwakuta, dagaa waliokusudiwa kwa wateja wa Kongo huishia kuwa chakula cha kuku kwa bei isiyorudisha hata gharama. Isitoshe, ziwa lilipojaa mwaka 2020, na tena mwaka 2024, tulikumbushwa kwamba ufukwe wa kuanikia si mali ya kudumu. Nakiri kwamba mbao tulizinunua kwa kuchelewa, mvua za vuli zikiwa zimekwisha kubisha hodi, na kosa hilo ni letu wenyewe viongozi.

Mmeuliza mara nyingi kwa nini barua zetu kuhusu maji safi na mitaro hazijajibiwa. Barua mbili za mwanzo ziliandikwa kwa Halmashauri ya Jiji, ilhali Kirumba iko Manispaa ya Ilemela, iliyotenganishwa na Jiji mwaka 2012. Ni aibu kidogo kwa watu wanaolipa ushuru huko kila siku. Ya tatu imekwenda panapohusika.

Kuhusu mbele, reli ya kisasa ya Mwanza hadi Isaka, yenye kilomita 341, itakapokamilika inaweza kutupunguzia gharama za kufikisha mzigo Dar es Salaam, lakini behewa halitamsubiri mchuuzi mmoja mmoja. Kwa sababu hiyo kamati inapendekeza tukodi ghala moja la pamoja, tupime na kufunga magunia kwa kipimo kimoja, na mchango wa mwaka ujao uanzie kwenye vichanja kabla ya ghala. Pendekezo hilo litapigiwa kura katika ajenda ya nne. Daftari la hesabu liko mezani kwa mhazini, na anayetaka kulikagua alikague kabla ya hapo.