Barua ya Malalamiko: Ubao wa Historia Mliousimika Juu ya Njia ya Wasioona

Kwa Meneja wa Huduma kwa Abiria,

YAH: UBAO WA HISTORIA NA HUDUMA ZILIZOONDOLEWA KITUONI KWETU

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni abiria wa kituo chenu kidogo cha pembezoni mwa mji, na namba yake nimeijaza kwenye fomu iliyoambatana na barua hii. Nimepandia treni hapo kwa miaka 19, kwenda kazini na kurudi. Siandiki kwa hasira ya asubuhi moja, ingawa asubuhi hiyo ndiyo iliyonikalisha chini kuandika.

Jumatatu iliyopita, kama saa moja kasorobo, mzee mmoja asiyeona ambaye sote kituoni tunamfahamu alishuka ngazi, akavitafuta vigae vya manjano kwa fimbo yake, akavipata, akaanza kutembea kwa mwendo wake wa siku zote. Huwa hahitaji kushikwa mkono. Baada ya hatua kumi hivi akajibamiza kwenye ubao wenu mpya. Fimbo ilikuwa imepita katikati ya miguu miwili ya chuma, kwa hiyo haikumwonya chochote, na ukingo wa chini wa ubao ukampata kifuani. Aliupapasa juu, chini, pembeni, kisha akauliza, "Hiki kimewekwa lini?" Nikamjibu kwamba kimewekwa wiki mbili zilizopita, na kwamba ni historia ya reli.

Mguu mmoja wa ubao huo umetobolewa na kufungwa kwa bolti katikati ya vigae vyenye mistari. Vyenye mistari humwambia asiyeona aendelee, vyenye vinundu humwambia asimame. Na kinachoniuma zaidi ni kwamba ubao wenyewe unavisifu vigae hivyo! Aya ya tano inaeleza kuwa vilibuniwa na Mjapani Seiichi Miyake mwaka 1965, vikatandikwa barabarani kwa mara ya kwanza mwaka 1967 mjini Okayama, karibu na shule ya wasioona. Yote ni kweli. Aliyeiandika aya hiyo na aliyeshika drili bila shaka hawajawahi kukutana.

Nimeusoma ubao wote, maana treni ilichelewa na muda nilikuwa nao. Mmeandika pia habari za saa: kwamba zamani kila mji ulifuata jua lake, mpaka reli ya Great Western ya Uingereza ilipoanza kutumia saa ya London katika vituo vyake mwaka 1840, na kwamba mwaka 1883 kampuni za reli za Marekani ziligawa nchi yao katika kanda za saa bila kusubiri sheria. Sawa kabisa. Sasa inueni macho juu ya ubao huo huo. Saa ya kituo imesimama saa nne kasoro dakika tano tangu kabla ya mvua. Mtaniambia kila mtu ana simu. Mwezi uliopita treni ilifunga milango dakika mbili kabla ya wakati kwa simu yangu, nikaachwa jukwaani. Nilipolalamika nilijibiwa kwa maandishi kwamba simu ya abiria si saa rasmi, saa rasmi ni ile ya kituo. Basi kwa saa rasmi, treni zenu zote za jioni zinafika mapema mno.

Dirisha la tiketi nalo mmelifunga kwa mbao, mkaweka mashine moja. Ubao unamtaja Thomas Edmondson, karani wa kituo cha Milton kwenye reli ya Newcastle na Carlisle, aliyechoka kuandika tiketi kwa mkono, akabuni kadi ndogo zilizochapwa tayari, kila moja na namba yake, zikigongwa tarehe kwa mashine. Namba ile ilikuwa na kazi: karani alijua ameuza ngapi, na abiria alikuwa na kitu cha kuonyesha. Mashine yenu ilimeza pesa zangu tarehe 3, ikaandika "asante", haikutoa tiketi wala risiti. Ndani ya behewa mkaguzi akanitoza faini. Nilimweleza, akanihurumia kwa sura, lakini hakuwa na namna. Faini hiyo naidai.

Treni ya mwisho ya usiku sasa inapita kituoni kwetu bila kusimama. Wanaotoka zamu za usiku hushuka kituo kinachofuata na kurudi kwa miguu kando ya barabara isiyo na taa. Sheria ya reli ya Uingereza ya mwaka 1844 ililazimisha kampuni kuendesha walau treni moja kila siku, kila upande, ya kusimama vituo vyote, tena yenye mabehewa yaliyofunikwa, kwa ajili ya abiria wa daraja la chini kabisa. Hiyo hamkuiandika.

Siombi ubao uondolewe. Watoto wa shule huusoma, nami nimeupenda. Usogezwe tu hadi ukutani, pale penye benchi lililovunjika, na vigae vilivyotobolewa vibadilishwe wiki hii, si mwaka ujao wa bajeti. Saa itengenezwe. Dirisha lifunguliwe angalau asubuhi na jioni, wakati wa msongamano. Kuhusu treni ya usiku nataka kujua nani aliamua na kwa sababu gani.

Mkishausogeza, sahihisheni na aya ya kwanza. Mnasema reli ya Stockton na Darlington ilibeba abiria kila siku kwa mvuke tangu mwaka 1825. Siku ya ufunguzi, ndiyo. Baada ya hapo injini zilivuta makaa ya mawe, na abiria kwa miaka kadhaa walivutwa na farasi juu ya reli hizo hizo.

Nimeambatanisha picha nne. Ya tatu inaonyesha mguu wa ubao juu ya vigae, na kiatu pembeni ni changu, nimekiweka ili muone ukubwa. Naomba jibu kwa maandishi.

Wenu,
Abiria wa jukwaa namba 2