Mbona twanunua bei ikiwa juu?

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Hapa Lamu siku hizi ukikaa baraza lolote baada ya alasiri ni kripto tu, ile pesa ya kidijitali ya mtandaoni, na ajabu ni kwamba bei ikiwa chini hakuna anayeitaja, ikianza kupanda ndo kila mtu ataka kuingia kwa sababu kasikia jirani kapata.

Mdogo wangu aliuza mashine ya boti, ile ile ya kuvulia, akanunua Bitcoin, mojawapo ya hizo kripto, Novemba 2021 bei ya moja nzima ilipokuwa karibu dola 69,000. Usiku kucha simu mkononi, chai yapoa hajainywa. Iliposhuka kidogo akasema itarudi, ikashuka tena akasema nikiuza sasa ndo hasara yawa ya kweli, mpaka Novemba 2022 ikawa chini ya dola 17,000 akachoka akauza. Machi 2024 ikaja kuipita ile bei aliyonunulia, na hiyo ndo ilimuuma zaidi wallahi.

Si mjinga yule, ni pupa kisha hofu, sote tunazo. Sasa naskia vijana wanakopa kwa simu wanunue. Jamani msiuze chombo cha kazi! Boti yake mpaka leo iko mchangani, makasia peke yake.