Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mwaka Tuliokusanya Historia ya Kaunsili Yetu

Ndugu wanachama, wazee wetu, mama zetu, na vijana mliojiunga nasi mwaka huu, assalaam aleikum na hamjambo.

Kwanza tuwaombee wenzetu waliotangulia mbele ya haki tangu tulipokutana mara ya mwisho. Wawili kati yao walikuwa wameahidi kuketi nasi watusimulie waliyoyaona kazini, na mauti yakawahi. Ndiyo maana kamati imeutumia karibu mwaka mzima kwa kazi moja mliyotuagiza: kukusanya historia ya iliyokuwa Kaunti Kaunsili ya Kwale, baraza la serikali za mitaa lililokuwa mwajiri wetu, wangali hai wanaoijua.

Kazi ilianzia kwenye sanduku la bati. Mwenzetu aliyekuwa karani wa ushuru alikuwa amelihifadhi chini ya kitanda miaka yote hii. Ndani mlikuwa na vitabu vya risiti za soko, nakala zake za kaboni zimefifia, na daftari moja la kumbukumbu za vikao lililoliwa na mchwa pembeni. Kuna ukurasa wenye sahihi za madiwani. Wawili wameandika majina yao kwa herufi za Kiarabu, wa tatu amepiga dole gumba, na wino wa zambarau umetapakaa hadi juu ya tarehe. Nilikaa na ukurasa ule kwa muda mrefu. Wazee hao ndio waliokuwa wakiamua zahanati ijengwe kijiji gani.

Nalisema hili kwa sababu wengi wetu tuliajiriwa Kaunsili ikiwa hohehahe, tukazoea kusikia watu wakiicheka kuwa haina pesa wala kazi. Baada ya mwaka wa kusoma na kusikiliza, nimeridhika kwamba Kaunsili haikuzaliwa maskini. Ilipokonywa.

Mabaraza ya wenyeji yaliletwa na sheria ya 1924, wakati wilaya yetu ikiitwa Wilaya ya Digo. DC, yaani mkuu wa wilaya, mwenyewe ndiye aliyekuwa mwenyekiti, na neno lake ndilo la mwisho. Mwaka 1950 yakafuata mabaraza ya Waafrika ya wilaya, na 1963, mwaka wa uhuru, zikaja kaunti kaunsili. Katika miaka ile ya mwanzo shule za msingi, zahanati na barabara za mashambani zilikuwa mikononi mwa Kaunsili, na kodi ya kichwa, iliyopangwa kwa kadiri ya kipato cha mtu, ikisaidia kuziendesha. Mzee mmoja wa upande wa Lunga Lunga alitutolea risiti ya kodi ya marehemu babake. Imekunjwa mara nne, na ukitaka kuikunjua sharti uweke kiganja chini isikatike. Anasema babake alikuwa akiionyesha na kusema shule ile ni yake, ameilipia.

Kisha ikapitishwa sheria ya 1969. Kuanzia Januari 1970 elimu ya msingi, afya na barabara vilihamishiwa Serikali Kuu, na kodi ile ikaenda navyo. Manispaa kama Mombasa ziliachiwa zao. Serikali ilisema madeni yamezidi na makusanyo yamelegea, na ni kweli kaunsili nyingi nchini zilikuwa zikishindwa kulipa walimu. Lakini dawa ya mtu aliyelemewa ni kumsaidia mzigo. Hapa alinyang'anywa mzigo pamoja na shamba. Tulibaki na ushuru wa soko, leseni za biashara, kodi za vibanda na sesi, yaani ushuru wa mazao. Mvua ikinyesha siku ya soko, mshahara wetu ulikuwa umelowa pamoja na bidhaa, na waliokuwa masokoni nami wanajua nasema nini.

Msaada ulirudi baada ya karibu miaka 30. Mfuko wa LATF, yaani fedha za Serikali Kuu kwa serikali za mitaa, ulianza kutugawia sehemu ya asilimia 5 ya kodi ya mapato ya nchi nzima, na tangu 2001 wananchi wakawa wanaitwa kuchagua miradi wenyewe. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo miaka Kaunsili ilipoanza tena kuheshimika. Ikapewa zaidi kidogo ya miaka 10. Baada ya uchaguzi wa tarehe 4 Machi 2013, kaunsili zote 175 za Kenya zilikoma na serikali za kaunti zikashika nafasi.

Kuhusu ardhi ya amana, najua ndilo jambo linalowachoma wanachama wa Kinango. Kaunsili ilikuwa imeishikilia kwa niaba ya wenyeji, haikuwa mali yake. Chini ya Katiba ya 2010 na sheria ya 2016 ardhi hiyo ni ya jamii, na ile ambayo haijasajiliwa inashikiliwa na serikali ya kaunti kwa amana ileile. Kwa hiyo jamii zisingoje. Ziunde kamati zao na kuomba usajili. Nyaraka za ardhi tutakazozipata tutazinakili na kuwaonyesha wahusika, na hatutazifungia.

Bado wapo wenzetu wanaofuatilia malipo ya uzeeni yasiyotimia. Tumewaandikia wahusika barua, na tumekwenda ofisini kwao zaidi ya mara moja tukarudishwa na ahadi. Inaniuma kumwona mtu aliyezoa taka za soko ujana wake wote akiomba nauli ya kwenda kuulizia haki yake. Kamati ijayo, nawasihi, msiliache hili.

Hesabu atazisoma mweka hazina. Daftari na risiti zitakuwa mezani baada ya swala ya adhuhuri. Wenye miwani njooni nayo, maana kuna majina matatu kwenye ule ukurasa wa sahihi ambayo hatujaweza kuyasoma, na huenda mmojawapo ni babu wa mtu aliyeketi hapa.