Maandalizi ya mechi ya NFL (ligi ya futiboli ya Marekani) uwanja wa Tottenham, London, Jumapili

Wapendwa, mpira unaanza saa 8:30 mchana. Tukutane kituo cha Liverpool Street saa 5:00 asubuhi, tupande treni hadi White Hart Lane. Tiketi zipakueni kwenye simu leo leo mkiwa nyumbani, maana langoni mtandao huzidiwa. Na simu zijae chaji. Uwanjani hawapokei pesa taslimu, ni kadi tu.

Robo 4 za dakika 15 huchukua kama saa 3, kwani pasi ikianguka chini bila kudakwa, saa ya mchezo husimama. Vaeni nguo nzito. Wageni, angalieni kapeti ya nyasi bandia inayochezewa NFL: nyasi za soka zilizo juu yake hutelezeshwa kwa vipande 3 hadi chini ya jukwaa la kusini. Kazi safi kabisa!

Kurudi, White Hart Lane foleni ni ndefu. Tutatembea hadi kituo cha Seven Sisters, kama dakika 30.